Paka mzee hafi kwa umri: meno, nusukaputi na dawa ya maumivu

Mhariri,

Paka wa miaka 12 anayenuka mdomo haugui uzee, anaugua meno. Tunakuandikia kwa sababu wenye paka wengi, Kampala na miji mingine ya Uganda, bado wanaambiwa kwamba paka wa umri huo "hawezi nusukaputi", basi aachwe alivyo na achomwe sindano ya antibayotiki kila anaposhindwa kula. Ushauri huo una sura ya huruma, lakini unamwacha mnyama na maumivu kwa miaka. Antibayotiki hupoza uvimbe kwa muda, kisha uvimbe hurudi kwa kuwa jino lenyewe liko pale pale. Hatari ya upasuaji kwa paka mzee haitokani na idadi ya miaka peke yake. Inatokana pia na figo ambazo hazikupimwa, na usiku mzima wa njaa, na kidonge cha binadamu anachopewa nyumbani kesho yake. Yote matatu yanazuilika.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Paka mzima ana meno 30, na yanaharibika kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza inajulikana: ukoga unaganda, fizi zinavimba, mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu. Ya pili haijulikani sana ingawa ni ya kawaida mno kwa paka waliozeeka: mwili wenyewe huanza kulimeng'enya jino, mara nyingi pale linapokutana na ufizi, mpaka neva inabaki wazi. Mwenye paka haoni tundu, kwa sababu ufizi hukua ukalifunika. Ukiligusa jino hilo kwa kifaa, taya hutetemeka hata paka akiwa amelala usingizi mwepesi wa dawa. Hapo ndipo unapoelewa alikuwa akila na nini.

Paka huficha. Anageuza kichwa upande mmoja akitafuna, anadondosha mukene (dagaa) kisha anaiokota tena, anaikimbilia sahani halafu anarudi nyuma akipuliza kwa hasira. Manyoya ya mgongoni yanashikana kwa kuwa kujilamba kunauma. Kuacha kula kabisa ni dalili ya mwisho, siyo ya kwanza.

Tahadhari moja kabla ya kwenda mbali. Paka ambaye hajachanjwa, akianza ghafla kutoka udenda, sauti ikabadilika, akashindwa kumeza au tabia ikageuka, usimpanue mdomo kwa mkono mtupu kutafuta jino bovu. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini na paka hukipata. Uking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa vipimo. Cha kwanza hakihitaji maabara: mizani. Paka apimwe uzito, asikadiriwe kwa macho, kwa sababu kila dozi itakayofuata inahesabiwa kwa kilo. Aliyekonda kutoka kilo 5 hadi 3.6, akipewa dozi iliyoandikwa kwenye kadi ya zamani, anazidishiwa zaidi ya theluthi. Baada ya hapo daktari asikilize moyo na apime shinikizo la damu. Namba ya juu ikizidi 160 katika vipimo vilivyorudiwa paka akiwa ametulia, shinikizo litibiwe kwanza. Kwenye damu ombeni wingi wa chembe nyekundu, kreatinini na urea kwa ajili ya figo, kimeng'enya cha ALT kwa ajili ya ini, sukari, potasiamu, na homoni ya tezi ya thairoidi, hasa kwa paka anayekula sana huku anakonda. Kama koo zima limewaka wekundu, aongezewe kipimo cha virusi viwili, FIV (vinavyodhoofisha kinga ya paka) na FeLV (vinavyoleta saratani ya damu).

Mkojo husahaulika, nasi tunaona ni kosa. Kreatinini haipandi mpaka sehemu kubwa ya figo, kama robo tatu, iwe imekwisha kufa. Mkojo huanza kuwa mwepesi mapema zaidi. Uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji ukiwa chini ya 1.035 kwa paka asiye kwenye dripu wala vidonge vya kukojosha, daktari ana sababu ya kushuku figo hata kama damu inaonekana safi. Daktari anaweza kuuvuta kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni. Nyumbani, ondoeni mchanga kwenye beseni la choo, wekeni kokoto chache zilizooshwa zikakauka, kisha vuteni mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuupeleka ndani ya saa chache.

Vipimo hivi vifanywe siku kadhaa kabla ya upasuaji. Vikifanywa asubuhi ya siku yenyewe, kila mtu amekwisha panga kazi na hakuna anayetaka kuahirisha. Na majibu hubadilisha mpango kweli. Thairoidi iliyopanda hutibiwa wiki kadhaa kwanza, la sivyo moyo unaweza kwenda mbio mezani. Chembe nyekundu zikiwa chini ya asilimia 20 ya damu, madaktari wengi huahirisha na kutafuta chanzo. Figo dhaifu hazimzuii paka kupasuliwa, ila dripu itaanza mapema, shinikizo litaangaliwa kila dakika 5, na dawa fulani za maumivu zitaondolewa kwenye orodha.

Mwambieni daktari kila dawa aliyopewa paka katika mwezi uliopita, pamoja na ile sindano "ya nguvu" mliyochomewa mtaani. Mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni au steroidi nyingine, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya ng'ombe. Meloksikamu, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, ikitolewa juu ya steroidi inaweza kutoboa tumbo. Kidonge cha shinikizo au cha thairoidi kwa kawaida hutolewa hata asubuhi ya upasuaji. Mwenye paka wa kisukari asiamue mwenyewe. Mara nyingi huambiwa atoe mlo mdogo na nusu ya insulini, lakini hilo ni la daktari wake.

Kuhusu njaa, agizo la "asile tangu jana jioni" limepitwa na wakati. Kwa paka mzima, saa 4 hadi 6 bila chakula zinatosha, na maji yabaki hadi mnapoondoka nyumbani. Kama zamu yake ni saa tano asubuhi, apewe mlo mdogo laini saa kumi na moja alfajiri. Kumfungisha saa 14 hakumpi usalama zaidi. Tindikali ya tumbo hupanda na kuchoma umio, maji mwilini hupungua, na figo za mzee ndizo zinazolipa. Paka wa Uganda ana tatizo lake la ziada: akilala nje atakula panya saa tisa usiku na hamtajua. Alale ndani, mlango umefungwa.

Safari nayo ni sehemu ya tiba. Wekeni kikapu chake sebuleni wiki nzima kabla, kiwe wazi, na kitambaa anacholalia ndani, alishwe humo. Siku yenyewe kifunikwe kwa taulo. Paka asipakiwe kwenye gunia wala kaveera (mfuko wa plastiki), na kama ni boda boda, kikapu kiwe mapajani pa abiria, kamwe kisifungwe nyuma kwa mpira. Kwa paka mwenye hofu, daktari anaweza kuagiza gabapentini, dawa ya kumtuliza, saa 2 hadi 3 kabla ya kutoka: paka wa kawaida wa kilo 4 hadi 5 hupewa miligramu 50 hadi 100, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa, mara nyingi nusu. Hesabuni foleni ya barabarani ndani ya muda huo. Kapsuli ni chungu, kwa hiyo fungueni na kuchanganya unga kwenye kijiko kimoja cha supu ya samaki. Kapsuli ya miligramu 300 msiigawe kwa macho. Duka la dawa au daktari awapimie. Akishaimeza atayumba, kwa hiyo asiachwe apande juu ya kabati.

Sasa maswali ya kuuliza kliniki kabla ya kuuliza bei. Je, atawekewa kanula (kimrija cha mshipani) na dripu? Kiwango cha kuanzia kwa paka mara nyingi ni mililita 3 kwa kilo kwa saa. Kumjaza maji paka mwenye moyo dhaifu kunaweza kumzamisha mapafu. Je, atawekewa mrija kwenye bomba la hewa? Kwenye kazi ya meno hili halina mjadala, maana mashine ya kusafishia humwaga maji na vipande vya ukoga kooni. Puto la mrija lijazwe kidogo kidogo, na mrija utenganishwe na mashine kila paka anapogeuzwa upande, kwa sababu bomba la hewa la paka huchanika kirahisi. Mchanganyiko wa ketamini na zailazini, unaotumika sana kwa kuhasi wanyama vijana, haufai peke yake kwa kazi hii: zailazini hushusha nguvu ya moyo, na kwa paka ketamini hutegemea figo kutoka mwilini. Gesi ya isoflureni pamoja na oksijeni huweza kuongezwa na kupunguzwa pumzi hadi pumzi.

Ulizeni pia umeme ukikatika itakuwaje. Mashine inayotengeneza oksijeni na blanketi la joto vyote vinazimika pamoja. Kliniki iliyojiandaa ina mtungi wa oksijeni, mfuko wa kupumulia kwa mkono na chupa za maji moto zilizofungwa kwa taulo, zisiguse ngozi. Paka mzee aliyekonda hupoteza joto haraka, na maji baridi ya mashine ya meno humaliza kazi. Akishuka chini ya nyuzi 36, dawa hukaa mwilini muda mrefu na kuamka kunachelewa sana.

Kuna kifaa kimoja tungependa kiondoke kabisa kwenye meza za paka: kile cha springi kinachotanua mdomo. Paka hutegemea mshipa unaopita karibu na pembe ya taya kupeleka damu kwenye macho na ubongo. Mdomo ukitanuliwa hadi mwisho kwa muda mrefu, mshipa huo hubanwa, na paka huamka kipofu, wengine moja kwa moja. Kipande kifupi cha plastiki, kama kifuniko cha sindano kilichokatwa, kinatosha, tena kiondolewe mara kwa mara.

Eksirei ya meno ni lazima pale inapopatikana. Ndiyo inayoonyesha kama mzizi bado upo wote, na basi ung'olewe wote, au umekwisha geuka kuwa mfupa, na basi daktari akate jino usawa wa mfupa na kushona ufizi juu yake. Bila picha, mzizi huvunjika na kubaki, na usaha hurudi baada ya miezi. Chonge ya chini ina mzizi mrefu unaochukua sehemu kubwa ya taya. Ikilazimishwa, taya huvunjika. Kama meno ya kung'oa ni mengi, sisi tunapendelea vikao viwili vifupi kuliko kimoja cha saa 4. Na anayewaahidi kukwangua meno ya paka akiwa macho atang'arisha kile kinachoonekana, huku ugonjwa uliomo chini ya ufizi ukiendelea.

Tufike kwenye maumivu, ambayo ndiyo sababu hasa ya barua hii. Dawa ya maumivu inayoanza paka akishaamka imechelewa. Mpango mzuri una tabaka tatu: dawa ya jamii ya afyuni kabla ya kulala, ganzi kwenye neva kabla ya jino la kwanza kuguswa, na dawa ya kupunguza uvimbe kama figo na maji mwilini vinaruhusu.

Ganzi ni rahisi kwa bei na watu huiruka. Bupivakaini ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa mililita. Kikomo kwa paka ni miligramu 2 kwa kilo kwa mdomo mzima, na kwa mzee ni busara kubaki karibu na 1. Paka wa kilo 4 kwa kiwango hicho anapata mililita 0.8, zikigawanywa sehemu nne, yaani 0.2 kila neva: chini ya jicho kwa taya la juu, ndani ya pembe ya taya kwa la chini. Bomba la sindano livutwe nyuma kwanza kuhakikisha hakuna damu, maana bupivakaini ikiingia mshipani inaweza kusimamisha moyo. Mfereji wa neva chini ya jicho la paka ni mfupi mno, na sindano ikizama hufika kwenye jicho. Ganzi ikishika, daktari anahitaji gesi pungufu, na kwa paka mzee gesi kidogo maana yake shinikizo la damu halianguki.

Ila ganzi ina saa yake. Hudumu kama saa 4 hadi 6. Iliyowekwa saa tano asubuhi itaisha kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, na huo ndio wakati ambao mwenye paka yuko kwenye foleni akirudi nyumbani. Dozi inayofuata itolewe kliniki kabla ya kuondoka. Usiku wa kwanza huharibika kwa kukosa hesabu hii tu.

Nyumbani, buprenofini, ya jamii ya afyuni, ndiyo tunayoipenda zaidi kwa paka kwa sababu haimezwi. Hudondoshwa shavuni, kwenye utando wa mdomo, ikaingia humo humo. Kwa nguvu ya miligramu 0.3 kwa mililita, paka wa kilo 4 kwa miligramu 0.02 kwa kilo anapata karibu mililita 0.27, kila saa 8, kwa siku 3 au zaidi. Mboni zitapanuka na paka atasugua kichwa kila mahali. Hiyo ni dawa, siyo ugonjwa. Haipatikani kila kliniki na ni dawa inayodhibitiwa, kwa hiyo ulizeni mapema, wawajazie mabomba yenye dozi kamili. Tramadoli ni mbadala, lakini ni chungu kiasi cha kumtoa paka povu, na isichanganywe na mirtazapini ya kuamsha hamu ya kula.

Uganda inajulikana kwa mofini ya maji inayotengenezwa nchini kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu makali, kazi iliyoanza na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Chupa ya mgonjwa wa nyumbani isigawiwe paka. Ipo ya nguvu tofauti, na mofini inayomezwa haiaminiki kwa paka.

Meloksikamu ni dawa nzuri ikipimwa sawa, na ni sumu ikikosewa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2010 kwamba kuirudia kwa paka kumehusishwa na figo kufa ghafla. Ulaya inaruhusiwa kwa siku chache baada ya upasuaji, kwa miligramu 0.05 kwa kilo mara moja kwa siku. Kwa paka wa kilo 4 hiyo ni miligramu 0.2, yaani mililita 0.4 ya dawa ya paka yenye 0.5 kwa mililita, lakini ni 0.13 tu ya dawa ya mbwa yenye 1.5. Kidonge cha binadamu cha 7.5 ni zaidi ya dozi 37. Paka mwenye figo mbovu, aliyekaukiwa maji, au asiyekula asipewe. Na tunawaomba madaktari wenzetu: andikeni kwenye lebo mililita na saa, siyo "robo kidonge".

Panadol usimpe hata nusu. Ini la paka haliwezi kuisafisha parasetamoli. Damu hugeuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, fizi huwa za buluu au hudhurungi, uso na nyayo huvimba. Kidonge kimoja cha 500 kwa paka wa kilo 4 ni miligramu 125 kwa kilo, na sumu imewahi kuonekana kwa 10. Kama ameshameza, msisubiri dalili. N-asetilisisteini, kiuasumu chake, inaweza kumwokoa ikiwahi. Ibuprofeni na diklofenaki nazo huua, kwa njia ya tumbo na figo.

Mtajuaje kama dawa inatosha? Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, kilichapisha mwaka 2019 kipimo cha uso wa paka ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Mtazameni akiwa macho, hali wala hajilambi, kwa sekunde 30. Masikio yamelegea kando? Macho yamefinywa? Pua na midomo vimekaza? Sharubu zimenyooka kwenda mbele? Kichwa kiko chini ya mabega? Kila kimoja kipeni 0, 1 au 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, anahitaji dawa zaidi. Mpigieni daktari hata kama dozi ijayo haijafika.

Chakula cha jioni ile ile kiwe laini, kimepashwa hadi uvuguvugu ili kinukie: samaki aliyesagwa bila miiba, au kuku aliyechemshwa bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Mukene kavu isubiri siku 14. Mate yenye wekundu mwepesi siku ya kwanza ni kawaida. Damu inayodondoka siyo. Asipokula kwa saa 24 pigeni simu, maana paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta.

Arudi kliniki baada ya siku 10 hadi 14. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Akianza kupiga chafya na kutoa maji puani anapokunywa, huenda pengo la chonge ya juu limefunguka hadi puani na litahitaji kushonwa upya. Aliyepewa meloksikamu apimwe kreatinini tena siku hiyo. Meno yaliyobaki yanaweza kuanza kupigwa mswaki laini wa mtoto baada ya wiki 3 au 4, kwa maji tu au dawa ya meno ya wanyama. Ya binadamu ina floridi na povu, na paka hajui kutema.

Ni sisi,
Madaktari wawili wa wanyama wadogo,
Kampala